Saini Kwenye Mstari Mtupu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku sisi wazima, ila mguu wa mama bado unamsumbua na hospitali hataki kwenda, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Anakusalimu sana. Sikupigi simu kwa kuwa ukishika simu unapayuka, na hizi nyumba za askari kuta zake ni za mbao. Neno lako linamfikia jirani kabla halijanifikia mimi. Ndiyo maana naandika.

Nina swali la kazi. Wewe ulikaa kaunta ya polisi miaka ishirini na sita. Mtu alipokuja kushtaki jambo, ukaliandika, ikapita miezi minne, ulikuwa unamkumbuka vipi? Nasema sura yake, sauti yake, alichoanza nacho na alichomalizia. Nimepata wito wa mahakamani. Tarehe 16 Aprili natakiwa nikaeleze lalamiko ambalo kwenye kitabu kikubwa cha matukio limeandikwa kwa mkono wangu. Ni wizi wa televisheni na pasi mbili nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mtaa ulio nyuma ya soko. Aliyeshtakiwa ni fundi viatu anayeketi mbele ya geti la huyo mwalimu. Yuko mahabusu tangu Novemba.

Nausoma ule ukurasa kila siku. Mwandiko ni wangu, ule ule uliowafanya wenzangu wanibatize Kalamu. Lakini nikifumba macho nimwone mwalimu akiongea, simwoni. Naona ukurasa tu. Je, hiyo ni kawaida, au mimi ndiye nimeanza kuzeeka kabla ya wakati?

Mama anakuomba usisahau ile dawa ya kuchua.

Mwanao

* * *

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie wifi yangu mguu si siri ya serikali, auonyeshe kwa daktari. Dawa naituma na mtu, ila asije akaifanya ndiyo hospitali.

Swali lako limenichekesha. Nani amekwambia askari anakumbuka? Mimi jana tu nimetafuta miwani nyumba nzima ikiwa usoni. Kitabu kiliwekwa kwa sababu vichwa vyetu haviaminiki. Mtu alifika mbele yako, ukamuuliza limetokea nini, wapi, saa ngapi, nani aliona, na yeye mwenyewe amejuaje. Ukaandika maneno yake, si yako. Akisema "jamaa mmoja mwembamba", wewe huandiki "mtuhumiwa mwenye umbo dogo" ili uonekane umesoma. Asilolijua unaandika kwamba halijui. Kisha ukamsomea. Akisema hapo sikusema hivyo, unakata kwa mstari mmoja unaosomeka na mnatia saini wote wawili. Mwisho anatia saini mbele ya macho yako na anaondoka.

Sasa kama hayo yote uliyafanya, unahangaika na nini? Simama kwenye kitabu. Hakimu akikuuliza, jibu kwa sauti na usijikunekune kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo. Wewe ndiye mtoto wa kaka yangu aliyeifuata kazi yangu, nami huwa najivuna mbele za watu kwa ajili yako. Usinitie aibu kwa woga wa bure.

Shangazi yako

* * *

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Shangazi,

Barua yako niliisoma nimesimama, ikabidi nikae. Nilikuficha jambo. Simkumbuki yule mwalimu kwa sababu sijawahi kumwona.

Acha nikueleze tunavyofanya. Mtu akija kaunta, askari wa zamu anaandika mambo yake kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, haraka haraka, maana foleni ni ndefu. Kitabu kikubwa hakiguswi hovyo. Tangu mkaguzi alipokisifu, mkuu wa kituo hataki kuona neno lililokatwa wala mstari uliopinda. Kwa hiyo mlalamikaji anaonyeshwa mistari mitupu kwenye kitabu, anatia saini chini yake, anakwenda zake. Zamu ikiisha, karatasi zote naletewa mimi mwenye mwandiko. Najaza ile mistari kwa sentensi nzuri zilizonyooka. Karatasi anachukua mama wa chai, anawashia jiko.

Siku ya mwalimu alikuwepo Koplo Mkato. Jina hilo hakupewa bure, maneno kwake yana bei. Ninavyokumbuka, karatasi yake ilisema hivi: mlango wa nyuma umevunjwa, televisheni, pasi mbili, mtu mrefu koti jeusi, fundi viatu. Basi. Mimi nikaandika kwamba mlalamikaji alimwona mtu mrefu mwenye koti jeusi akitoka kwa mlango wa nyuma, akamtambua kuwa ni fundi viatu wa mtaani hapo. Nilipomaliza nakumbuka niliifurahia ile sentensi.

Wiki iliyopita nilipita mtaa ule. Kibanda cha fundi kimefungwa, nacho kinatazamana na geti la mwalimu, hatua kumi hazifiki. Nikasimama pale kama niliyepigwa na kitu. Vipi kama mwalimu alimtaja fundi ili aulizwe tu, kwa kuwa huketi pale kutwa nzima na huenda aliona? Au alimtaja kuwa ndiye mwizi? Au hakumtaja kabisa, Mkato ndiye aliyejiandikia akumbuke viatu vyake? Hata hilo niliweza kulifikiri, maana viatu vyake vilikuwa vimeachama siku zile.

Nikamuuliza Mkato. Akasema, "Alimtaja." Nikamuuliza, alimtaja kama nani? Akasema, "Alimtaja tu. Kwani mtu hutajwa kama nani?" Nikaenda kwa mkuu wa kituo. Akasikiliza huku akipanga stepla na mihuri yake, kisha akasema, "Mwandiko ni wako. Utasema ulimpokea wewe." Nikisema vinginevyo najua nitakapoishia, na nyumba hii tunayokaa na mama ni ya kazi.

Kuna usiku nakumbuka kulikuwa na neno jingine baada ya "fundi viatu". Asubuhi sikumbuki. Hata urefu wa fundi siujui, sijawahi kumwona amesimama. Nimechanganyikiwa, Shangazi, sijui nishike lipi. Mtu yumo ndani mwezi wa nne sasa na sijui kama ni kwa aliyoyafanya au ni kwa sentensi yangu.

Mwanao

* * *

Jumanne, tarehe 19 Machi

Kwa Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni konstebo wa kituo ulikoripoti wizi mwezi Novemba. Hatufahamiani. Anwani hii ya kwa binti yako nimepewa na jirani yako, mama mwenye duka.

Naomba unisaidie jambo moja. Siku ile ulipofika kaunta, ulisema nini kuhusu fundi viatu? Naomba uandike kwa maneno yako mwenyewe, hata kama ni machache, hata kama ni kwamba hukumbuki. Sikuambii kitabu kinasema nini, ili nisikuwekee maneno mdomoni.

Nisamehe kwa usumbufu.

Konstebo wa kaunta

* * *

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Wewe mtoto,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa hasira zaidi. Unajazaje maneno juu ya saini ya mtu? Saini ni ya kusema nimesikia na nimekubali. Yule mwalimu alikubali nini, hewa?

Na hizo sentensi nzuri zilizonyooka nani alikutuma? Mtu aliyeibiwa hasemi maneno yaliyonyooka. Anaanza katikati, anarudi nyuma, analia, anakumbuka pasi. Ndivyo unavyotakiwa umwandike. Karatasi yenye maneno matano, unaandika maneno matano, na asubuhi unamwita mwenyewe aje akueleze. Hukuwa unaandika, ulikuwa unadarizi.

Sasa nisikilize. Usimwandikie mlalamikaji. Nakujua ulivyo, utataka kumwandikia. Ni shahidi, na wewe ni shahidi, na ukimgusa kabla ya siku ya mahakama mtaonekana mmepanga. Tena ukimuuliza atakupa jibu, si kwa sababu analo ila kwa sababu ameulizwa. Nenda kwa mwendesha mashtaka ukamweleze uliyonieleza mimi.

Usiniandikie mpaka umelifanya hilo.

Shangazi yako

* * *

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Konstebo,

Marahaba. Barua yako imenishtua, kwa kuwa nilidhani mambo haya nyinyi mnayajua na mimi ndiye wa kuwauliza.

Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nitajitahidi kujibu swali kama lilivyoulizwa. Siku ile nilitoka sokoni, nikaingia kwa geti, nikasikia mlango wa nyuma ukigonga. Nikamwona mtu kwa mgongo tu, anapita upande wa tangi la maji. Nilimwambia askari wenu hivyo. Askari akaniuliza mtaani kwangu kuna nani na nani. Nikamtaja fundi viatu. Nadhani nilisema yeye hukaa pale mbele, muulizeni. Nadhani. Askari alikuwa anaandika na kutikisa kichwa, nikaona tunaelewana.

Kisha nikaonyeshwa pa kutia saini. Palikuwa patupu. Niliuliza, nikaambiwa yatajazwa. Mimi niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kuacha nafasi kwenye daftari nikatia saini.

Kesho yake nikasikia fundi amekamatwa. Nilikaa kitandani nikisema kumbe ndiye. Nilijua polisi mna njia zenu, mmechunguza, mmegundua. Jirani akaniuliza, nikamwambia ndiye. Binti yangu akaniuliza, nikamwambia nilimwona. Na tangu hapo, mwanangu, nikimkumbuka yule mtu wa upande wa tangi, anageuka na uso wake ni wa fundi viatu. Namwona waziwazi. Namwona hata na ile sindano yake kubwa mkononi, na najua mwizi hakuwa na sindano.

Kwa hiyo usiniulize mimi. Mimi nilikuwa nategemea kitabu chenu.

Viatu vyangu vya kanisani alivishona yeye, na kila nikivivaa sijui nimwonee huruma au nimlaani.

Mwalimu mstaafu

* * *

Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Shangazi,

Barua yako ya kunikataza ilifika mimi nimeshamwandikia. Jibu lake hili hapa ndani, nimelinakili neno kwa neno, safari hii bila kudarizi. Barua yenyewe nimempelekea mwendesha mashtaka leo asubuhi. Aliisoma, akaweka kichwa mikononi, akaniuliza kama kwetu kituoni kuna maji ya kunywa yenye kitu ndani.

Mwalimu alikitegemea kitabu, kitabu kilinitegemea mimi, mimi nilimtegemea Mkato, na Mkato alikuwa anamtegemea yeye. Nikizunguka hapo narudi pale pale. Mkuu hasemi na mimi tena. Mama nimemwambia tunaweza kuhama, akauliza tu tutahamia lini, akaanza kufunga masufuria.

Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mwanao

* * *

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Mwanangu,

Umeniuliza ningefanya nini. Nimekaa siku tatu na hilo swali, maana jibu lake si lile ambalo ningependa ulijue.

Kwenye kituo hicho hicho ulipo nilifanya kazi miaka tisa, kabla hujazaliwa. Kulikuwa na foleni mpaka barabarani. Mimi nikaona watu wanasimama juani wakisubiri askari amalize kuandika, nikasema watie saini kwanza waende wakale, tutajaza baadaye. Mkuu wetu wa wakati ule akanisifu, akasema nina akili. Nikapata cheo. Wengine wakaifuata, nikahama, nikaisahau. Ulipoandika kuhusu mistari mitupu, nilikukaripia kwa sauti kubwa ili nisijisikie mwenyewe.

Sijui ni wangapi. Hilo ndilo linaloninyima raha. Sikumbuki hata mmoja aliyelalamika, na zamani nilidhani hiyo ni sifa.

Ningefanya nini ningekuwa wewe? Kwa umri wako ningesema nilimpokea mimi, na ningelala usingizi. Kwa hiyo usinifuate. Ukisimama mbele ya hakimu sema unachokijua, na usichokijua useme hukijui, kwa sauti ile ile. Nyumba yangu ina chumba cha nyuma kinachokaa kuku wanne na mashine yangu ya kusaga iliyoharibika. Kuku nimeshawahamisha. Mwambie wifi masufuria yake yana nafasi.

Nimekupa maneno makali na nilikuwa sistahili kuyasema. Unisamehe.

Shangazi yako

* * *

Jumapili, tarehe 5 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, na chumba cha kuku bado hatujakihitaji. Barua ya nidhamu imekuja, nitasikilizwa Juni. Mpaka hapo niko kaunta kwa sababu hakuna mwingine. Na msamaha ulioniomba mwishoni mwa barua yako, hilo lilikwisha siku ile ile nilipoisoma.

Mahakamani ilikuwa hivi. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama mwandiko ni wangu, nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimsikia mlalamikaji, nikasema sikumsikia, nilijaza mistari juu ya saini yake. Hakimu akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Sasa jina la mshtakiwa lilitoka kwa nani?" Nikasema, "Sijui, mheshimiwa. Huenda lilitoka kwangu." Sauti ilikuwa ile ile uliyoniagiza. Fundi alikuwa kizimbani, amesimama. Nilimtazama nijue kama ni mrefu. Si mrefu na si mfupi, Shangazi, hata hilo halikunisaidia. Aliachiwa siku ile ile. Mwalimu aliinuka akataka kumwambia kitu, kisha akakaa tena.

Mwizi ni nani, hatujui. Inawezekana hata ni huyo fundi. Watu wananiuliza naamini nini, nami nawaambia sina ninachoamini, na ndiyo kweli.

Jumanne iliyopita akaja kituoni. Fundi mwenyewe. Nilidhani amenifuata mimi. Akasema amekuja kushtaki. Alipokuwa ndani kibanda chake kilivunjwa, zimechukuliwa nyundo zake mbili, kalibu ya chuma ya kugongea viatu na jozi kumi na nne za viatu vya wateja. Anazikumbuka zote, na za nani.

Nilifungua kitabu kikubwa na kuandika humo humo, mbele yake. Nilimuuliza limetokea nini, lini aligundua, nani aliona. Alisema hajui. Nikamuuliza majirani wanasemaje. Akasema wanasema ni muuza mkaa wa pembeni. Na mimi, Shangazi, baada ya yote hayo, kalamu ilikuwa imeshaanza kumwandika muuza mkaa. Nilikuwa nimefika nusu ya jina. Fundi akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

Akasema, "Mimi sikumwona. Andika sikuona mtu."

Nikasema lakini majirani.

Akasema, "Majirani wana miguu, waje waseme wenyewe."

Nilikata kwa mstari mmoja unaosomeka, nikatia saini pembeni, naye akatia. Wino ulichafua nusu ya mstari wa chini. Mkuu akikiona atazimia. Kisha nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, na mara ya pili akanirekebisha, nyundo moja haikuwa yake, aliazima. Nikaandika hilo. Akatia saini chini ya maneno.

Alipokuwa akigeuka nilimwambia, "Fundi, nisamehe. Lile la kwanza niliandika mimi." Lilinitoka tu, sikuwa nimelipanga.

Akarudi kaunta. Akaniuliza, "Hilo nalo umeliandika?"

Sikuwa nimeliandika. Akabaki amesimama anangoja. Nikachukua kalamu, nikaandika kwamba saa nne na dakika ishirini asubuhi konstebo wa zamu alimwomba mlalamikaji msamaha kwa kumwandika kuwa mwizi bila kumsikia mtu yeyote akisema hivyo, na kwamba mlalamikaji amesikia. Nikamsomea. Akasema ni sawa. Nikamuuliza niandike pia kwamba amesamehe.

Akasema, "Hapana. Hilo sijasema."

Mwanao